Wifi ya Lweba ikae kwa mama wa malewa, si kwenye nganda

Tangu Mei 2025, wakati ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia posta na simu, ilipoipa Starlink leseni ya kufanya kazi katika inchi yetu, kuna swali moja ambalo Kinshasa haiwezi kutujibia. Jibu lake litatoka hapa kwetu, kwenye barabara ya kitaifa nambari 5, katika kila kijiji kati ya Uvira na Baraka. Ile antena nyeupe ikifika Lweba, itawekwa juu ya paa la nani?

Kuna jibu linalokuja lenyewe watu wasipofikiri. Itawekwa pale penye jenereta, na kwetu jenereta inayowaka usiku mara nyingi ni ya nganda, kwa sababu nganda inataka umeme wa kupoza bia na kupiga muziki. Mwenye nganda atanunua antena, atauza intaneti kwa tikiti, saa kwa saa, na vijana watakaa nje kwenye ukuta na simu zao mpaka usiku wa manane. Hakuna atakayekuwa amekusudia ubaya. Itakuwa imetokea tu.

Mimi naomba tukae chini kabla haijatokea. Kama Lweba itakuwa na antena moja ya kutumiwa na watu wengi, nataka ikae kwa mama wa malewa, pale tunapokula bugali saa sita mchana. Nitasema sababu zangu, na nitasema pia namna gani jambo hili linaweza kufanyika bila kumtia mama katika madeni, maana tumekwisha kuona miradi mizuri ikiacha wamama na vyuma vibovu na barua za kulipa.

(Wasomaji wa ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wasinielewe vibaya: wifi ninayosema hapa si dada ya bwana. Ingawa wote wawili wakiingia nyumbani, mazungumzo hupungua.)

Kwanza tusikilizane juu ya malewa yenyewe. Mtu wa mjini akisikia neno restora, anawaza meza yenye kitambaa na karatasi ya bei. Malewa ya kwetu ni paa la mabati au la majani, mabenchi mawili matatu, beseni ya maji ya kunawa na kipande cha sabuni, na nyuma yake moshi. Kibao hakuna. Watu hupaita kwa jina la mama mwenyewe, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na hakuna wa kukuletea orodha, unauliza tu, "Mama, leo kuna nini?" Jibu huwa fupi, maana vyakula vyenyewe ni vitatu au vinne: bugali na sombe, bugali na ndakala, bugali na mukeke siku za bahati, muchele na maharagi. Asubuhi ni chai na mandazi, au muhogo wa kuchemsha kwa anayeenda kulima.

Katika hivyo vinne ndimo tulimo sisi wote. Sombe haikimbizwi. Jani la muhogo likiwa bichi lina sumu. Lazima litwangwe vizuri, lichemshwe muda mrefu bila haraka, maji yapungue, ndipo mafuta ya mawese yaingie, na kitunguu, na pengine ndakala wakavu wachache ili harufu ifike barabarani. Mama anayeuza sombe saa sita ameamka kukiwa bado giza. Mukeke ni habari nyingine kabisa. Wataalamu wanamwita Lates stappersii. Sisi tunamjua kama samaki anayekuja na mafuta yake mwenyewe, ukimweka juu ya makala anajikaanga bila msaada wa mtu. Ndakala anavuliwa usiku kwa taa, anaanikwa kwenye jua, na ndiye nyama ya mtu asiyekuwa na pesa ya nyama. Ukisikia mtu anadharau ndakala, jua hajawahi kumaliza mwezi akisubiri mshahara wa mwalimu.

Hiki ndicho chakula ambacho mtu wa Fizi akiugua anakiomba, akirudi kutoka safari anakiomba kabla hajavua viatu, na akiwa mbali anakiota. Na watu wetu walio mbali ni wengi. Vita vya 1996 vilivusha familia nyingi za Fizi na Uvira mpaka mkoa wa Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya Wakongomani. Kuna watu waliozaliwa pale, wakaoa pale, wakazika wazazi wao pale. Wengine walichukuliwa kutoka pale kwenda kuishi Marekani, Kanada na Australia. Katika maduka ya Waafrika kule, majani ya muhogo yanauzwa ndani ya pakiti, yamegandishwa kama jiwe. Wanayanunua, wanayapika, wanayala, na bado wanapiga simu kuuliza kama mama fulani bado anapika kando ya barabara.

Tena hawatosheki kusikia, wanataka kuona. Video inafunguliwa, simu inageuzwa juu ya sahani, bugali inaonyeshwa ikitoa moshi, mukeke anageuzwa upande huu na upande huu, na mtu aliye Marekani ananyamaza kidogo. Kisha mega zinaisha. Picha inaganda, ndugu amebaki mdomo wazi kwenye kioo, na anayekula anaitia simu mfukoni na kuendelea kula peke yake.

Tatizo letu lote limo katika dakika hiyo. Hakuna mtu Lweba asiyejua intaneti ni nini. Watu wote wanayo kidogo kidogo, kwa vipande, kila mmoja akinunua mega zake peke yake kwa bei ya mtu maskini, ambayo siku zote ni kubwa kuliko bei ya anayenunua kwa wingi. Mwanafunzi anajua hesabu hii kwa moyo: pesa iliyomo mfukoni leo, nile au ninunue mega? Mwalimu anayetafuta maandiko ya somo lake anaijua. Muuguzi anayetaka kusoma ripoti aliyotumiwa anaijua. Kuna siku njaa inashinda na kuna siku mega zinashinda. Sioni kwa nini hivi viwili viendelee kugombana wakati vinaweza kukaa kwenye meza moja.

Wengine watasema tungojee kampuni za simu zitandaze mtandao mzuri. Tungojee mpaka lini? Kebo ya WACS inaingia inchini kupitia Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa Kongo. Ukichora mstari kutoka Muanda mpaka Lweba, umevuka inchi nzima. Laini kubwa zinafuata miji mikubwa, kwa sababu wateja wengi wako kule, na kampuni haihesabu kijiji kwa moyo, inahesabu kwa faida. Satelaiti haihitaji kupita njia hiyo. Majirani zetu walikwisha kuliona: Starlink ilianza Rwanda, Kenya na Zambia mwaka 2023, na Burundi mwaka 2024. Sisi tulichelewa. Mwaka 2024 ARPTC ilikuwa inakataza vifaa hivyo, maana kampuni haikuwa na leseni, na wakuu wa jeshi waliogopa kwamba waasi wangevitumia.

Woga huo haukutoka hewani, na mtu wa Kivu ya Kusini hawezi kuucheka. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kuchagua malewa. Antena iliyofichwa nyuma ya ukuta wa mtu mmoja, nani anajua inatumiwa na nani? Antena iliyo juu ya paa la mama, mbele ya barabara, ambako askari, mwalimu, mvuvi na chifu wa kijiji wote wanakuja kula, iko wazi kuliko bendera. Ina mwenyewe anayejulikana, ina risiti, na kama kuna la kuuliza anaulizwa mama, ambaye jibu lake watu wote watalisikia.

Sasa nizungumze juu ya nganda, na nisidhaniwe kuwa adui wa bia. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya chupa yake. Ninachotazama ni nani anaweza kukaa wapi. Msichana wa sekondari anayetaka kujaza fomu ya chuo kikuu hatakaa nganda saa kumi na mbili jioni bila watu kusema. Mama mjane anayetaka kuongea na mwanawe aliye Nyarugusu hataingia pale kabisa. Mchungaji hataingia, au ataingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa shule asiingie. Ukihesabu hao wote, umekwisha kuondoa zaidi ya nusu ya kijiji kabla mtu hajaandika hata nywila.

Kwenye malewa nani anakosa? Asubuhi utakuta wavuvi waliotoka majini na macho mekundu, wanakunywa chai bila kuongea. Saa sita wanakuja wamotari, wauguzi, walimu, wachuuzi wanaopeleka bidhaa Baraka, na wakimbizi wa Burundi, maana kambi ya Lusenda iko katika teritware yetu tangu 2015, na Warundi na sisi tunashiriki ndakala ile ile ya ziwa lile lile. Wanawake wanakaa pale bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu mwenye nyumba ni mwanamke. Hakuna mahali pengine pa watu wote katika vijiji vyetu ambapo mwanamke ndiye anayesema nani akae na nani atoke. Ukimpa huyo pia ufunguo wa intaneti, umegeuza kitu kidogo ambacho warsha nyingi zimejaribu kukigeuza kwa mabango.

Lakini mama ataiweza vipi? Nimechunguza hesabu ya umeme, na haitishi. Antena ya kawaida ya Starlink hula kati ya wati 75 na 100. Ile ndogo wanayoiita Mini hula kati ya 25 na 40. Tuseme mama anachukua Mini na kuiwasha saa 10 kwa siku. Kwa wati 40, hiyo ni wati-saa 400. Paneli moja ya solari ya wati 200, katika siku ya jua la kawaida la kwetu, inatoa karibu mara mbili ya hapo. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inashika wati-saa 600 hivi. Kwa hiyo siku ya mawingu mama hafungi. Kinachobaki kinachaji simu za wateja, na kuchaji simu ni biashara ambayo wamama wengi wanaijua tayari. Lita moja ya mafuta ya jenereta haimo katika hesabu hii.

Bei ya kifaa na ya mwezi ndiyo inayouma. Hapo mama mmoja asijaribu peke yake. Wamama wetu wamo katika MUSO na AVEC. Wanajua kuchanga, kukopeshana na kuandika daftari kuliko mabenki mengi. Malewa tatu au nne huwa zimeshikana bega kwa bega kando ya barabara, na hilo linasaidia, maana wifi haifiki mbali, na ukuta wa matofali unaipunguza. Wakichanga wanne, kila mmoja anabeba robo. Antena inakaa kwenye paa lililo juu kuliko mengine, na wateja wa wote wanne wanaipata.

Kisha kuna jambo ambalo watu wengi wanalisahau, nalo ni muhimu. Masharti ya Starlink yenyewe hayaruhusu mtu aliyechukua mpango wa nyumbani kuuza intaneti hiyo kwa watu wengine kama bidhaa. Zile tikiti za saa moja zinazouzwa katika miji mingi ya inchi zimesimama juu ya mchanga. Siku kampuni ikikaza, kamba inakatika. Kwa hiyo mama achukue mpango wa biashara unaoruhusu wageni wake kuingia, na asiuze wifi. Auze bugali. Kwenye malewa hakuna anayelipa maji ya kunawa. Hakuna anayelipa chumvi. Pilipili iko mezani na unachukua mpaka utokwe na machozi. Wifi iwe kama pilipili: iko mezani kwa anayekula. Bei yake imo ndani ya sahani, kidogo kidogo, kama ilivyo bei ya makala na ya sabuni.

Najua mama atakachosema, na ana haki kusema. Kijana mmoja ataagiza chai, atakaa tangu saa tatu mpaka saa tisa, atatazama mpira wa Ulaya, na mwenye njaa ya kweli atakosa nafasi kwenye benchi. Jambo hili si geni duniani. Pale Nairobi, Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza mwaka 1999, ilikuja kuuza kahawa. Miaka ilivyokwenda, mikahawa ya namna hiyo ikajikuta imekuwa ofisi za watu wenye kompyuta na kikombe kimoja kilichopoa. Kule wanavumilia kwa sababu kikombe kimoja cha kahawa kina bei kubwa kuliko sahani ya kwetu. (Na hapa niongeze kando: Kivu inalima kahawa nzuri, inaiuza nje sehemu kubwa, halafu sisi tunakunywa chai. Hilo nalo tutalizungumza siku nyingine.) Mama wa Lweba hana nafasi ya uvumilivu huo. Kwa hiyo aweke sheria yake: nywila inabadilishwa kila siku na inatolewa na sahani, kuanzia saa sita mpaka saa nane wifi inazimwa, watu wale waondoke, video za mpira zinafungwa, maana hizo peke yake zinakula kuliko barua za kijiji kizima. Kifaa kinaruhusu kubadilisha nywila, na kijana yeyote aliyemaliza sekondari anaweza kumsaidia. Pengine alipwe kwa bugali.

Kuna lawama nyingine nzito zaidi, na wazee ndio wanaoisema. Wanasema wifi itaua meza. Babembe walikuwa na lubunga, pale wanaume walipokaa, chakula kikaletwa kutoka nyumba mbalimbali, wakala pamoja na kukata mashauri ya kijiji. Vita na kukimbia vimeidhoofisha lubunga katika vijiji vingi. Malewa, kwa namna yake, ndiyo iliyorithi kipande cha kazi ile: pale ndipo unaposikia nani amefiwa, barabara ikoje, boti gani imetoka Kalemie, bei ya mawese imepanda au imeshuka. Ukijaza vichwa vilivyoinama juu ya simu, nani ataongea?

Naliheshimu swali hilo, lakini naona wazee wanasahau kwamba vichwa vimekwisha kuinama. Kijana ana simu yake na mega zake chache, na kwa kuwa mega ni chache, anazitumia kusikiliza sauti za WhatsApp zilizotumwa na mtu asiyemjua. Fikirini mwaka tuliotoka nao. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, na Desemba vita vikafika Uvira. Katika siku kama hizo uvumi unakwenda mbio kuliko pikipiki. Sauti inasema kijiji fulani kimeungua. Familia inafunga mizigo usiku, inalala porini na watoto, asubuhi inakuta kijiji kiko pale pale. Mtu aliye peke yake na sauti ile hana wa kumuuliza. Mtu aliyeisikiliza mezani, kwa mama, ana dereva upande wa kulia aliyepita kijiji hicho asubuhi, na muuguzi upande wa kushoto ambaye ndugu yake anaishi pale na anaweza kupigiwa video sasa hivi, bure, kila mtu akaona paa la nyumba limesimama. Kwa hiyo sikubali kwamba wifi ya pamoja itaua meza. Mega za peke yako ndizo zilizoanza kuiua.

Tena tusidhani mtandao ni kitu cha kudumu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti inchi nzima, na haikuirudisha mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Watu walikaa zaidi ya wiki mbili bila kujua ndugu zao wako wapi. Waliobaki na habari ni wale waliokuwa na mahali pa kukutana.

Serikali nayo isikilize, hasa ile iliyo karibu. Tunakumbuka RAM, ile kodi ya kusajili simu iliyoanza mwaka 2020, iliyokuwa ikikatwa moja kwa moja kwenye unite za mtu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 4G. Watu walilalamika mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Sitaki kuiona ikirudi kwa mlango wa malewa. Mama analipa patente yake, analipa mahali pa soko, na mizigo yake imelipa kwenye vizuizi vya barabarani kabla muhogo haujafika jikoni. Siku antena ikionekana juu ya paa lake, watakuja watatu na madaftari matatu, kila mmoja na jina jipya la kodi. Mkuu wa sekta akitaka kutusaidia, hahitaji kutununulia chochote. Aandike barua moja inayosema malewa yenye wifi inabaki malewa, inalipa kama malewa, na barua hiyo ibandikwe ukutani karibu na beseni ya kunawia.

Kuna majira ambayo jambo hili litamsaidia mama kuliko majira mengine. Kila mwaka sasa, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, inchi nne za Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zinafunga uvuvi ili samaki wazae. Ni jambo la lazima, ziwa limechoka, na wavuvi wenyewe wanaona nyavu zinavyorudi nyepesi. Lakini kwa mama wa malewa ni miezi mitatu ya kuuza bila bidhaa yake kubwa. Ndakala wakavu walioanikwa Aprili wanapanda bei kila wiki. Mukeke anabaki jina. Mama anapika maharagi, lengalenga, makayabo akipata, na wateja wanaanza kusema kwamba maharagi wanayo nyumbani. Katika miezi hiyo mtu atakuja kwa wifi na atakula maharagi. Hiyo miezi mitatu peke yake inaweza kulipa sehemu nzuri ya mwaka wa antena, na malewa isifungwe Juni kama zinavyofungwa nyingine.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zetu wa Marekani na Kanada, nyinyi mnaotuma pesa za simu mpya kwa wapwa zenu kila Noeli: msitume simu mwaka huu. Ulizeni kwanza paneli ya wati 200 inauzwa bei gani Baraka, na ni mama yupi kati ya wale wa kando ya barabara ana paa linaloweza kuibeba.